Kabura na Mimea ya Kuja

Kabura, mke wa Wamae, aliokoka mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye mkutano wa injili pale Endarasha, akiwa msichana, na wokovu huo ulimwachisha densi na kusengenya, ingawa kusengenya kulimrudia baadaye kwa jina la maombi. Mara ya pili ilikuwa juzi juzi tu, watoto wakiwa wameshakua na kuondoka nyumbani, katika shamba la mbegu lililo juu ya Endarasha, kule barabara inakochoka na msitu kuanza. Wokovu huo wa pili ndio uliowatesa watu.

Shamba lenyewe halikuwa na kitu cha kumtia jirani wivu. Wengine walilima viazi, kabichi na njegere. Shamba hili lililima nyasi. Lililima pia vichaka, na miti ile ile ambayo wazee walikuwa wameikata ili wapate pa kupanda viazi. Watu wa upande huo wa Kieni hujua kung'oa magugu kabla hawajajua kusema vizuri, kwa hiyo walisimama nje ya ua wakawatazama wafanyakazi wakipalilia magugu ili magugu hayo yasisumbuliwe na magugu mengine. Theuri, mfugaji aliyepakana na shamba upande wa chini, alisema ameona wazimu wa kila aina lakini huu wa kulipwa mshahara ni mpya.

Msimamizi wa shamba alikuwa Murugi, mwanamke wa Giakanja aliyesomea mimea chuo kikuu, mpole, mwenye miwani iliyozoea kuteleza puani. Siku ambayo Kabura aliandikwa kazi, Murugi aliwapanga wafanyakazi wapya wakitazama bonde.

"Mnaona ile miteremko iko uchi?" aliwauliza. "Mvua ikinyesha, udongo wote unaenda mtoni. Sisi tunakusanya mbegu za mimea ya hapa, tunazizalisha, halafu zinaenda kufunika pale tena. Nyuki wapate maua, ndege wapate pa kulala. Mimea mingine ililetwa kutoka mbali ikavamia. Hii lantana, kwa mfano, ililetwa kama ua la kupendeza. Saa hii imemaliza malisho ya watu."

Kabura alihisi joto likimpanda kutoka kwenye nyayo, kama siku ile ya mkutano wa injili. Lantana! Yeye mwenyewe alikuwa nayo mlangoni, na kila asubuhi alikuwa akiimwagilia maji ya kuoshea vyombo.

Kazi aliipenda tangu siku hiyo. Alipanda na gunia hadi ukingoni mwa msitu kuokota matunda ya mutamaiyu, mzeituni wa porini, akayaloweka, akayasugua mpaka nyama ikatoka na kokwa kubaki safi. Alijifunza kuanika mbegu kivulini, kwa kuwa jua kali huzichoma. Lakini alichokipenda zaidi ni kuvuna nyasi. Unapitisha bua katikati ya vidole, taratibu, na mbegu iliyokomaa inakuja yenyewe, laini kama manyoya ya kifaranga. Isiyokomaa inakung'ang'ania, nawe unaiacha. Ungo ulimtii. Alipopepeta, makapi yalienda na upepo na mbegu ikabaki. Wafanyakazi wenzake wakaanza kumwita fundi, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mtu akiambiwa ni fundi wa kitu kimoja, huona ni dhambi kunyamaza juu ya vingine.

Alianzia kwake. Aling'oa lantana, akang'oa na mawaridi, akang'oa na malili meupe ambayo mama mkwe alimletea alipojifungua Wendy, kifungua mimba wake. Kisha akahamia kanisani. Jumapili ya mavuno alisimama kutoa ushuhuda.

"Bwana asifiwe! Nilikuwa nalala na adui mlangoni na sikuwa najua," alisema. Halafu akanyoosha kidole mpaka madhabahuni, penye maua. "Na hata hapa mbele za Bwana kuna maadui. Yule wa manjano ametoka ng'ambo. Na yule wa zambarau. Na hao wawili hapo nyuma ya pasta."

Pasta aligeuka nyuma kwa hofu, kisha akaanzisha wimbo.

Hayo yangevumilika. Kila kanisa lina mtu wake wa namna hiyo. Ila siku moja wakati wa chakula cha mchana, Murugi akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akila viazi na kabichi kwa amani, Kabura alimkaribia.

"Madam, niko na swali. Hivi viazi ni vya hapa?"

"Nilinunua hapo chini tu."

"Hapana. Asili. Asili yake ni hapa?"

"Aa," alisema Murugi akitafuna. "Viazi vilitoka Amerika ya Kusini."

"Na mahindi?"

"Pia Amerika."

"Maharagwe?"

"Hata hayo."

Kabura alisogea karibu. "Na majani ya malenge?"

Murugi aliguna kukubali, na Kabura akakaa chini kwenye nyasi. Mukimo! Hivyo vyote vinne vikipondwa pamoja. Chakula kinachopelekwa kwenye ruracio, siku ya mahari, chakula ambacho mgeni asipokila anaonekana hana heshima, chakula ambacho mtu wa Nyeri akikosa kwa wiki moja anapiga simu nyumbani kulalamika. Chote kilikuwa kimeshuka melini na mizigo yake!

Murugi aliona uso wake ukibadilika. "Lakini chakula si shida, Mama Wendy. Shida ni ile inayovamia mapori. Viazi vinakaa tu shambani, havina neno."

Kabura hakuisikia sehemu hiyo ya pili. Walokole wapya mara nyingi hawaisikii.

Jioni hiyo Wamae, mumewe, aliketi mezani akasubiri. Alikuwa mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache, na katika maisha yake yote aliamini kwamba mlo usio na kiazi ni mapumziko kati ya milo. Mbele yake palitua sahani ya njahi, zile fiwi nyeusi, na mboga ya managu.

"Mama Wendy, viazi viko wapi?"

"Viko Amerika."

Wamae alitafakari. "Lakini nilivichimba jana. Viko hapo stoo."

"Ulichimba wageni, Baba Wendy. Hii nyumba haitapika wageni tena."

Na haikupika. Ikawa ni njahi na mtama, managu na viazi vikuu, na asubuhi uji wa wimbi. Chai iliendelea kunywewa kama kawaida. Chai nayo ilitoka mbali, lakini Kabura hakuwahi kuuliza habari za chai. Kuna maswali ambayo hata mtu aliyeokoka mara mbili huyaacha kwenye hekima ya Mungu.

Wamae hakugombana. Alianza tu kwenda Endarasha kila alasiri, eti kuangalia bei ya dawa ya kunyunyiza, na kurudi akiwa ameshiba na midomo inang'aa. Kabla ya mwezi kwisha, Tabby, jirani muuza mayai, alimvuta Kabura kando ya njia.

"Mimi si mtu wa maneno, Mama Wendy. Lakini mzee wako anaonekana. Kila siku, hoteli ile ya karibu na soko. Anaingia kwa kile chumba cha nyuma. Cha pazia."

Siku iliyofuata Kabura aliomba ruhusa kazini, akajifunga leso vizuri, akashuka Endarasha akiwa na gambuti zake za shamba. Hotelini watu walipoona anavyotembea, walinyamaza meza baada ya meza. Alifika kwenye pazia, akalivuta.

Wamae alikuwa peke yake. Mbele yake palikuwa na sahani ya chipsi, mlima mzima, na chumvi kando. Moja ilikuwa njiani kuelekea kinywani. Ikaanguka.

"Si vile unafikiria," alisema Wamae.

"Nani alikuwa hapa?"

"Hakuna mtu. Ni mimi tu na hizi."

Kabura alitazama sahani, akamtazama mume wake wa ujanani, baba wa watoto wake, akiwa na mafuta hadi kwenye kidevu. Alisema, na hoteli nzima ikasikia.

"Baba Wendy, afadhali ningekupata na mwanamke. Angalau huyo angekuwa wa hapa Kieni."

Maneno hayo yalifika kwao kabla yake. Kwa wiki kadhaa wanaume wa Endarasha walikuwa wakisalimiana nayo. Wamae naye, kwa kuwa mtu aliyefumaniwa hana tena cha kuficha, alihamia meza ya dirishani.

Kama Kabura angeishia hapo, tungesema ni wazimu wa nyumbani. Lakini Murugi aliitwa kwenye warsha ya mimea vamizi, katika hoteli moja kubwa ya Nyeri mjini, na akahitaji mtu wa kumwachia shamba. Akamwachia fundi.

"Ile nyasi ya kitalu cha chini imekaribia kuiva," alimwambia. "Ikikauka vizuri, vuneni. Usianzishe kitu kingine, Mama Wendy. Ni hiyo tu."

Nyasi hiyo ilikuwa kipenzi cha Kabura. Mbegu zake za kwanza alizikusanya yeye mwenyewe kwenye kipande kidogo kando ya barabara, siku chache kabla tingatinga la kupanua barabara halijakikwangua. Walizizalisha mpaka zikajaza kitalu kizima, vichwa vyekundu vikiinama pamoja upepo ukipita. Kabura alisimama akizitazama kwa upendo, kisha macho yake yakapanda kwenye ua uliozilinda. Ua wa kayaba, mnene, wenye miiba mirefu kama sindano za magunia. Na kayaba, alikuwa amesikia kwa masikio yake, ilitoka Afrika Kusini.

"Hii ni kama kumpa mwizi kazi ya askari," alisema. Akaagiza mapanga.

Mburu, mfanyakazi mzee kuliko wote, alikuna kichwa. "Na ng'ombe wa Theuri je?"

"Tutapanda mukawa. Mukawa ni wa hapa, na uko na miiba."

Mburu aliiangalia miche ya mukawa kitaluni. Ilifika chini ya magoti, miiba yake bado laini kama ndevu za mvulana. "Na itamfikia ng'ombe lini?"

"Kwa imani," alisema Kabura.

Wakakata. Kayaba iliwachana mikono, ikawachana nguo, lakini ikaanguka upande wote unaopakana na Theuri, na mahali pake ikasimama miche ya mukawa, moja moja, kama watoto wa nasari wanaongoja uji. Kabura alienda nyumbani amechoka na ana furaha. Nyasi ilibaki kidogo ikauke vizuri; wangeivuna Jumatatu.

Ng'ombe wa Theuri waliivuna Jumapili. Waliingia watu wakiwa kanisani, wakakanyaga mukawa wakiupita, wakala kitalu kizima kama wageni wa harusi waliocheleweshwa na maombi. Theuri aliporudi kutoka kanisani aliwakuta wamelala kwenye mteremko wao, matumbo yakiwa kama ngoma. Alimshukuru Mungu. Hakuuliza maswali.

Murugi alirudi Jumatatu na begi la warsha begani. Alienda moja kwa moja kwenye kitalu. Hakupiga kelele, na Kabura angependa sana apige.

"Mama Wendy, kayaba iko wapi?"

"Tuliitoa, Madam. Ilikuwa ya kuja."

"Na nyasi?"

Kabura alinyoosha kidole. Chini kule, ng'ombe mmoja wa Theuri alicheua polepole akiwatazama. Kila mbegu aliyoipitisha kwenye vidole vyake tangu ile ya kando ya barabara ilikuwa kwenye tumbo la yule mnyama.

"Enda nyumbani upumzike kwanza," alisema Murugi. Kila mfanyakazi anajua maana ya kupumzika kwanza.

Alipumzika. Alikaa kwenye kigoda nyuma ya jikoni akitazama mahali palipokuwa na malili, na hakumhubiria mtu yeyote, hata Tabby alipokuja kumpa pole na kuangalia pole hiyo ilivyopokelewa. Wamae angeweza kucheka. Badala yake alichoma kiazi kwenye makaa, akakikung'uta majivu, akakiweka kando ya mkewe. Kabura hakukila. Kuku alikila. Lakini usiku huo wa njahi alimpakulia mumewe kwanza, na akampa ile sehemu iliyoiva vizuri.

Kisha mvua ndefu zikaja, na Theuri akaja nazo, tope hadi magotini.

"Mama Wendy, kuja uone vile umenifanyia."

"Mimi tena, Baba Kingori?"

"Kuja tu."

Alimfuata. Theuri alikuwa ameeneza samadi ya ng'ombe zake kwenye viazi, na katikati ya matuta ya viazi kulikuwa na nyasi. Aliipalilia, ikarudi. Akaipalilia tena, ikarudi na ndugu zake. Na kule kwenye mteremko walikolala ng'ombe, pale pekundu palipokwanguliwa na mvua mwaka baada ya mwaka mpaka mawe yakatoka kama mifupa, palikuwa kijani. Kabura aliinama akashika jani moja, akalifuata hadi chini. Shina lilikuwa na ule wekundu wake wa zambarau. Ni yenyewe. Akapiga magoti kwenye tope.

"Usiombe!" alisema Theuri. "Ng'oa!"

Kabura hakung'oa. Aliinuka akapanda kilima mbio na gambuti zake, akamvuta Murugi kutoka ofisini bila salamu. Murugi alipofika pale akaona jinsi maji yalivyokuwa yakishuka polepole kati ya mashina, bila udongo, na vindege vidogo vikigombania kitu kwenye majani, alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka ghafla. Wafadhili walikuwa wanakuja mwisho wa mwezi, na shamba zima halikuwa na kitu kingine cha kuwaonyesha.

Theuri alibembelezwa asipalilie. Alikubali kwa masharti: aitwe mkulima mshirika, na siku hiyo akalie kiti chenye mikono.

Wafadhili walifika na magari meupe na gambuti mpya ambazo hazijawahi kuona mavi. Aliyewaongoza alikuwa mama mmoja mrefu, mchangamfu, mwenye Kiswahili cha kujifunzia kitabuni. Pamoja naye alikuja mgeni rasmi kutoka Nyeri, aliyeomba msamaha kwa kuchelewa kabla ya kuomba msamaha kwa kuondoka mapema. Walisimama kwenye mteremko, wakashangaa.

"Ardhi hii ilikuwa tupu kabisa," alisema yule mama akitazama picha ya zamani. "Ni ajabu! Mlitumia mbinu gani?"

Murugi alisukuma miwani yake juu. Theuri alikaa vizuri kwenye kiti chake.

"Ng'ombe," alisema Kabura.

Kalamu zilisimama.

"Walikula mbegu," alieleza, "halafu wakaenda wakapanda."

Mgeni rasmi alitazama saa. Lakini yule mama alifumba macho kidogo, kisha akasema taratibu, kama mtu anayempa mtoto jina: "Usambazaji shirikishi wa mbegu asilia kwa njia ya mifugo." Kalamu zikakimbia. Kamera zikageukia ng'ombe. Na ng'ombe mmoja, pengine kwa kuona umuhimu wa siku, aliinua mkia akaonyesha mbinu yenyewe mbele ya wote. Wakapiga makofi.

Wamae alikuwa amekuja kwa sababu ya chakula. Aliinua mkono.

"Mimi niko na swali moja dogo. Hizi ng'ombe ni za aina gani?"

"Friziani," alisema Theuri kwa fahari. "Safi kabisa."

"Na hizo Friziani asili yake ni wapi?"

"Uholanzi!" alisema mama wa wafadhili kwa furaha. "Ni kwetu!"

Kila mtu wa Endarasha aliyekuwa pale alimgeukia Kabura. Hata Murugi alimgeukia. Kabura aliwatazama wale wanyama, weusi kwa weupe, wa kuja mpaka kwenye kwato. Kisha akatazama nyasi.

"Hao wameokoka," alisema.

Wamae alikohoa kwa muda mrefu sana ndani ya kofia yake.

Kabura alirudishwa kazini na cheo kipya, Mratibu wa Usambazaji Hai, maana yake ni kwamba alichanganya mbegu na pumba na chumvi, akawalisha ng'ombe wa Theuri, kisha akawafuata kwenye miteremko iliyo uchi na kijiti mkononi, akisubiri mavi ili ayatawanye. Kayaba ilichipuka tena yenyewe na hakuna aliyeigusa. Nyumbani viazi viliruhusiwa kurudi, kwenye sufuria yao wenyewe, na Wamae akawa ndiye mpishi wao.

Theuri ndiye aliyepanda zaidi. Alipewa kofia, akapewa cheti, akaitwa kwenye warsha mjini, na huko akagundua kwamba chai ya saa nne huja na sambusa. Tangu hapo hakukosa warsha hata moja. Ng'ombe akamwachia Mratibu.

Asubuhi moja ya ukungu Kabura alikuwa akiwafuata juu ya bonde, redio ndogo ikining'inia shingoni, alipomsikia jirani yake akihojiwa.

"Mimi kama mtaalamu," alikuwa akisema Theuri, "niliona mapema sana. Watu walinicheka. Hata bibi yangu alitaka kung'oa hiyo nyasi, nikamwambia, mama, usiguse! Hiyo ni urithi."

Kabura alisimama. Hasira ilimpanda, na maneno yalikuwa tayari, mengi na yaliyopangika vizuri. Lakini hapo mbele ng'ombe aliyetangulia alikuwa amefika kwenye kipara chekundu cha mteremko, pale pale alipomtaka, na alikuwa anainua mkia. Kabura alizima redio akaenda na kijiti chake, haraka, kabla ya mvua.